Kupona Kiwewe: Nafasi ya Jirani na Familia

Kiwewe ni jeraha la nafsi libakilo baada ya mtu kupita katika vita, ubakaji, ajali au mauaji. Dalili zake ni jinamizi, kushtuka kwa sauti ndogo, kukwepa mahali pa tukio na kujitenga na watu. Hali hii si upungufu wa imani wala si pepo. Ni mwili unaoendelea kujilinda dhidi ya hatari iliyokwisha kupita.

Nchini Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, hali hiyo iliitwa ihahamuka, neno linalohusiana na mapafu na kukatika kwa pumzi. Mwaka 2005, huko Byumba, Kanisa Anglikana lilianzisha vikundi vya majirani. Watu 10 hadi 15 hukutana kila juma kwa majuma 15, wakiongozwa na wenzao wawili waliofundishwa. Hawaanzi na kumbukumbu. Hutangulia usalama, kisha kuaminiana, kutunzana na kuheshimiana. Kumbukumbu chungu huja mwishoni.

Utaratibu huo ni funzo kwa familia na Jumuiya Ndogo Ndogo zetu. Tusimlazimishe mhusika kusimulia. Tumsikilize atakapokuwa tayari, na tutunze siri yake. Akitaja kujiua, tusimwache peke yake, bali tumfikishe hospitali mara moja. Sala na sakramenti huenda pamoja na tiba.

Kristo Mfufuka aliwaonyesha wafuasi wake makovu yake. Nasi tusimwonee haya ndugu yetu mwenye makovu.