Chapati, maharage ya nazi na somo la historia

Siku nyingi sijaandika hapa, si mnajua tena mambo ya semina na tesiti. Boom nalo halijasoma mpaka leo, kwa hiyo maisha ni kubana tu.

Jumapili mimi na rumeti wangu tulikagua gheto tukakuta unga wa ngano nusu kilo, nazi moja na maharage aliyoletewa kutoka kwao Mbeya. Basi, chapati kwa maharage ya nazi! Nilipokuwa nasukuma akasema, "Mwenzangu, wazungu wana mapiza yao, sisi tuna chakula chetu cha asili." Nikacheka. Asili ipi jamani?

Tuanze na maharage. Yale mekundu tunayokula kila siku asili yake ni bara la Amerika, sawa na nyanya, mahindi, mihogo na pilipili kali. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, na katika karne zilizofuata mazao ya huko yakavuka bahari yakaingia mashambani kwetu. Kabla ya hapo mababu walikuwa na kunde na njugu mawe. Hata mahindi, jina lake lina harufu ya Uhindi wakati mmea wenyewe umetoka Amerika!

Nazi ni ya zamani zaidi. Ililetwa na mabaharia wa Bahari ya Hindi muda mrefu kabla ya Mreno.

Chapati ndiyo ilikuja na Wahindi, jina na kila kitu. Wengine walikuwa wafanyabiashara Zanzibar na miji ya pwani. Halafu mwaka 1896 Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Mombasa, ikafika Kisumu mwaka 1901. Waliletwa vibarua karibu 32,000 kutoka India. Takribani 2,500 walikufa, wengi kwa magonjwa, ingawa vitabu vinapenda zaidi kusimulia simba wa Tsavo. Kama 6,700 hivi wakabaki huku. Ngano yenyewe mpaka leo nyingi tunaagiza nje.

Rumeti akaguna. "Sasa chetu ni kipi?"

Nikamwambia chetu ni sufuria. Ni mtu wa pwani aliyechukua maharage ya Amerika akayapika kwa tui kama anavyopika kunde na mbaazi: unayachemsha yaive, unatia tui jepesi, tui zito linakuja mwishoni. Pembeni anaweka chapati ya Mhindi. Hakuna aliyemwelekeza.

Nawaandikia haya kwa sababu kuna jambo limenikaa moyoni tangu field ya mwaka jana. Darasani kwangu kulikuwa na mtoto mwenye asili ya Kihindi. Siku moja tunasoma ukoloni, mwenzake akamwambia, "Nyie si wa hapa, rudini kwenu." Darasa zima likacheka. Mtoto akainamisha kichwa. Na mimi, mwalimu mtarajiwa, nikasema "nyamazeni" halafu nikaendelea na notisi ubaoni. Basi, hiyo tu.

Kengele ya mapumziko ilipolia, yule aliyesema vile alikuwa wa kwanza kwa mama wa chapati.

Sikuliona lile somo wakati ule, nimeliona Jumapili nikiwa nimejaa unga mpaka viwiko. Ningewauliza tu wale watoto: chapati mnayokula imefikaje hapa, nani aliileta, na wangapi walikufa kwenye reli ile? Ingetosha kipindi kizima, bila kumgombeza mtu.

Mwaka huu nikienda tena field, mada ya ukoloni nitaianzia jikoni. Ninyi wenzangu wa ualimu, mnafanyaje mambo kama haya yakitokea darasani? Niambieni.

Chapati zilitoka sita. Rumeti kala nne, historia haikumkata hamu hata kidogo!