Heshima ya Kufungwa

Kisiwa hakina ardhi ya kuchezea. Panapofaa kulimwa panatakiwa kujengwa, na penye mwanya kidogo huenda tayari pana makaburi ya wazee. Huko Funafuti, makao makuu ya Tuvalu katika Bahari ya Pasifiki, vijana huteremka jioni kucheza mpira juu ya njia ya ndege, maana uwanda mpana wa kushinda huo ni taabu kuupata. Nchi nzima ina kilomita za mraba 26 tu.

Si ajabu, basi, kwamba watu wa visiwa vile waliukumbatia mchezo uliozaliwa kwa ufinyu wa nafasi. Mwaka 1930, mjini Montevideo, Uruguay, mwalimu Juan Carlos Ceriani alibuni mpira wa miguu wa kuchezwa ukumbini, ambao leo ulimwengu unauita futsali. Wachezaji ni watano kila upande, kiwanja ni mita 40 kwa 20, mpira ni mdogo na haudundi sana, na hakuna kuotea. Mwenye kutunga mashairi ataufahamu upesi: kama zilivyo mizani, ufinyu haumnyimi mtu uhuru, humfunza kutopoteza hata hatua moja.

Mashindano ya futsali ya Oceania yalianza mwaka 1992, mjini Brisbane. Australia ililitwaa kombe mara nne za mwanzo, mbili kati ya hizo ikilifuata Port Vila, Vanuatu, nyumbani kwa wanavisiwa wenyewe. Ukanda ule ulikuwa na nafasi moja tu katika Kombe la Dunia, na mwenye bara aliketi mlangoni. Tarehe 1 Januari 2006 Australia ilihamia Shirikisho la Asia. Mashindano yaliyochezwa Suva, Fiji, mwaka 2008 yakatoa bingwa mpya: Visiwa vya Solomon.

Nchi hiyo ina visiwa zaidi ya 900 na lugha zipatazo 70. Ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza kama sisi, ikapata uhuru tarehe 7 Julai 1978. Kuanzia 1998 hadi 2003 iligawanyika vibaya. Watu wa Guadalcanal na wa Malaita walifukuzana na kuuana, hata majirani wakaleta askari kutuliza. Miaka mitano baadaye, vijana wa nchi hiyohiyo walivaa jezi moja, wakajiita Kurukuru, jina la ndege wa kwao, wakaenda Brazil kwenye Kombe la Dunia.

Huko walipigwa. Brazil iliwafunga 21 kwa nungwi. Urusi iliwafunga 31 kwa 2, na tarakimu hizo zikaingia katika vitabu vya rekodi. Nakumbuka habari ilipofika barazani kwetu tulivyocheka. Mmoja alisema mlinda mlango wao alipaswa kulipwa posho ya kuokota mipira. Nami nilicheka, tena kwa sauti.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Wale walikubali, wakarudi kwao kujifunza. Walishinda tena Suva mwaka 2011, na mwaka 2012 huko Thailand wakaifunga Guatemala 4 kwa 3, ushindi wao wa kwanza katika Kombe la Dunia. Walikutana na Urusi mara ya pili. 31 yakawa 16. Walikwenda tena Colombia mwaka 2016, na Lithuania mwaka 2021, ambako Ureno iliyowafunga 7 ndiyo iliyoondoka na kombe. Elliot Ragomo, aliyekuwamo Brazil, alikuwamo bado Lithuania. Nafasi ya mwaka 2024 ilichukuliwa na New Zealand, lakini kwa Kurukuru mlango haukufungwa.

Jambo jingine ndilo linalonigusa zaidi. Tuvalu na Kiribati si wanachama wa FIFA, lakini Shirikisho la Oceania limewahi kuziingiza zote mbili katika mashindano haya ya ukanda, zikachuana na wanachama kamili. Hakuna aliyeziambia zingoje kwanza zikue.

Sisi tunayajua maumivu ya kungojeshwa. Kombe la Chalenji tulilitwaa Uganda mwaka 1995, na mwaka 2017 tulifika fainali nchini Kenya, tukatolewa kwa penalti. Mwaka huohuo, mwezi wa Machi, Zanzibar ilipokewa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Kandanda la Afrika, watu wakashangilia. Mwezi wa Julai uanachama ukafutwa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Aliyetangaza alikuwa rais wa shirikisho, Ahmad Ahmad wa Madagaska, naye mtu wa kisiwa.

Kwa hiyo Urusi haijatufunga sisi 31. Haijatufunga hata moja, maana hatujapata kuitwa mahali ambapo Urusi huchezea. Kabla mtu hajakubali kushindwa, sharti kwanza aingizwe mashindanoni. Nikiikumbuka leo jioni ile ya barazani, naona haya. Tuliowacheka walikuwa wameitwa kwa jina la nchi yao, wakapigiwa wimbo wao, na katika kipigo kile wakafunga mabao 2 ambayo hakuna awezaye kuyafuta.