Sala katika Maisha ya Kikristo (Goma)

Sala ni mazungumzo ya mwamini na Mungu, awe peke yake au pamoja na wenzake. Goma, makao makuu ya mkoa wa Kivu Kaskazini nchini Kongo (DRC), inaijua vizuri: Wakatoliki husali katika mashirika, yaani jumuiya ndogo za mitaani, Wabaptisti wa kanisa la CBCA wana mikesha na mifungo yao, na makanisa ya uamsho yana vyumba vyao vya maombi. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu Januari 2002, lakini sala haikukoma.

Sala na matendo

Lawama inayosikika zaidi ni kwamba sala hulegeza mikono: watu wanakesha, huku vita na rushwa vikiendelea. Lawama hiyo ina haki pale maombi yanapouzwa, au mgonjwa anapozuiwa kwenda hospitali akingojea muujiza. Lakini inashindwa mbele ya Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyezaliwa 1981. Alikuwa mwanachama wa Sant'Egidio, jumuiya ya Kikatoliki inayofungamanisha sala, maskini na amani. Baada ya kusali aliwatafuta maibobo, watoto wa barabarani, ili wasome. Kazini, katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, aliletewa pesa aruhusu mchele uliooza upite mpakani. Akakataa, akiwaza wale ambao wangeula, na akijiuliza kama kwa kupokea angekuwa bado anaishi kwa Kristo. Swali hilo ni sala yenyewe, imehamia mezani pa kazi. Alitekwa tarehe 7 Julai 2007, akauawa akiwa na miaka 26. Itasemwa kwamba hata asiyesali hukataa rushwa. Ni kweli, na heshima yake asinyimwe. Ila kijana huyu alishinikizwa, na hakuwa na silaha wala mkubwa wa kumkinga. Nguvu ya kukataa aliizoea kwanza katika sala, siku ambazo hakuna aliyemtisha. Papa Leo XIV, alipowapokea mahujaji waliokuja kwa ajili ya kutangazwa kwake mwenyeheri, tarehe 16 Juni 2025, naye alitaja sala na kusikiliza Neno la Mungu kama chimbuko la ujasiri huo.

Utambuzi

Papa Fransisko aliidhinisha hati ya ufiadini wa Floribert Novemba 2024. Floribert alitangazwa mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025 mjini Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Wakati huo Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari mwaka huo.