Moyo Uliokaa Nyuma ya Titi la Kushoto

Mwaka wa 1953, mjini Lund, Uswidi, daktari Inge Edler alitaka kuuona moyo wa mgonjwa bila kumpasua kifua. Rafiki yake mwanafizikia, Hellmuth Hertz, akaenda kiwanda cha meli cha Kockums pale Malmö, akaazima mashine ya mawimbi ya sauti. Mafundi waliitumia kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Hertz akaiweka kifuani mwake mwenyewe. Kumbe moyo nao unajibu! Oktoba mwaka huo wakarekodi moyo ukicheza. Ile eko ya moyo tunayotumwa kupigwa leo ilianzia hapo.

Miaka hiyo hiyo, wanawake wengi wenye saratani ya matiti walikuwa wakichomwa kwa mionzi baada ya upasuaji. Mionzi iliua mabaki ya saratani, na mpaka leo inaokoa watu. Shida ni kwamba nyuma ya titi la kushoto kuna moyo, na madaktari wengi waliamini moyo ni mgumu, eti mionzi haiwezi kuufanya kitu.

Ukweli ulijitokeza kwanza kwenye hesabu ya vifo. Mwaka wa 1987, Jack Cuzick na wenzake walijumlisha majaribio ya zamani, wakakuta kwamba baada ya miaka kumi, waliopigwa mionzi walikuwa wanakufa zaidi. Mwaka wa 1994 wakaonyesha vifo vya ziada vilitoka wapi: moyo. Mtu ameambiwa amepona, halafu anaangushwa na kitu kingine kabisa.

Picha ndizo zilizowatazama walio hai. Mwaka wa 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha picha za damu inavyofika kwenye misuli ya moyo, kabla na baada ya mionzi ya upande wa kushoto. Miezi sita baadaye, asilimia 27 walikuwa na sehemu mpya zisizopata damu vizuri. Miaka miwili baadaye, 42.

Kisha mwaka wa 2013, Sarah Darby na wenzake wakafungua mafaili ya wanawake 2,168 wa Uswidi na Denmaki, waliotibiwa kati ya 1958 na 2001. Kila grei moja ya mionzi iliyofika moyoni, kwa wastani, iliongeza hatari ya ugonjwa mkubwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4. Lakini ona hili: ili kukadiria dozi, ilibidi watumie picha ya skani ya mwanamke mmoja mwenye umbo la kawaida. Mioyo yao wenyewe haikuwa na picha ya kupimia.

Siku hizi mgonjwa huambiwa avute pumzi na kuizuia, mapafu yajae, moyo usogee mbali na mionzi. Eko nayo hupima misuli inavyojikunja, na inaweza kunasa udhaifu wakati nguvu ya kusukuma damu bado inaonekana sawa.

Kwa hivyo ukimsindikiza shangazi yako kwa mionzi, usimwambie aikatae. Uliza tu: moyo wake utapata grei ngapi, na utapigwa picha lini?