ASILIMIA 75: Wanachuo walioburuza vyuo vyao mahakamani kisa mahudhurio, kutoka Makerere mpaka Delhi

Kama umepita chuo chochote hapa Bongo, ile karatasi unaijua. Inaanzia siti za mbele, inazunguka mpaka nyuma kwa wazee wa kuchati, na lekcha ikiisha inarudi na majina mengi kuliko vichwa vilivyokuwa darasani. Hesabu hiyo msiniulize mimi, muulizeni CR wenu.

Wengi tunaichukulia poa mpaka UE inakaribia na orodha inabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Hapo ndipo unakuta mtu mzima analia koridoni. Coursework anayo, ada kamaliza, lakini mahudhurio yake yamegota asilimia 60 na kanuni inataka 75. Hafanyi mtihani.

Sasa kuna watu hawakuishia kulia koridoni, walienda kwa jaji. Leo tuwape mastaa mapumziko tuwaongelee hao. Majina yao nayaweka pembeni makusudi, maana walikuwa wanatafuta nafasi ya kukaa kwenye mtihani, umaarufu hawakuuomba.

KAMPALA: IJUMAA JUA LIKIZAMA

Tuanze na majirani. Makerere ilianza kuchukua wanafunzi wa kujilipia miaka ya tisini mwanzoni. Idadi ikapanda haraka, madarasa hayakuongezeka kwa spidi hiyo hiyo, ratiba ikamwagikia jioni na wikiendi.

Kwa wengi hiyo ilikuwa kero ya kukosa bata tu. Kwa wanafunzi watatu Waadventista Wasabato ilikuwa habari nyingine kabisa. Kwao Sabato inaanza Ijumaa jua likizama na kuisha Jumamosi jua likizama, na humo humo ndimo zilimoangukia lekcha, test na mitihani. Wakadai sera ya chuo inawabana, wakaenda Mahakama ya Katiba ya Uganda wakiwa na silaha nzito: Katiba ya mwaka 1995 inayolinda uhuru wa kuabudu.

Chuo nacho kikajibu. Sisi ni chuo cha umma, hatuna dini, tuna wanafunzi wa kila imani. Mlipokubali nafasi mlijua ratiba zetu. Halafu mlango haujafungwa, mtu anaweza kusogeza somo na kulifanya wakati mwingine, hata kama itamchukua muda mrefu kumaliza.

Mwaka 2003 mahakama ikakubaliana na chuo: haki ya kuabudu ipo, ila ina mipaka yake inapogusa maslahi ya wengine. Vijana wakakata rufaa. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikasema vile vile.

Angalia miaka hiyo. Digrii nyingi ni miaka mitatu, na kutoka hukumu ya kwanza mpaka ya mwisho ilipita mitatu. Hata wangeshinda, darasa lao lilishasonga mbele. Hilo ni tatizo la kesi zote za aina hii: mtihani una tarehe, mahakama haina haraka.

Miaka kumi na moja baadaye, Kenya, wimbo ukabadilika. Kesi ilikuwa ya shule, siyo chuo, lakini swali lilikuwa lile lile la Wasabato na vipindi vya Jumamosi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikasema kanuni inayoonekana sawa kwa wote inaweza kumuumiza mmoja peke yake, na kwamba wizara itoe mwongozo wa kuwapisha wanafunzi hao. Mpaka mmoja tu wa nchi, majibu mawili tofauti.

DELHI: MIMBA SIYO UTORO, AU NI UTORO?

Sasa tupande ndege twende India, maana kule ndiko vita hii ilipopiganwa kwa muda mrefu zaidi. Kwa wanaosoma sheria, Baraza la Mawakili la India liliweka kwenye kanuni zake za mwaka 2008 kwamba lazima uhudhurie asilimia 70 ya vipindi. Kuna kaupenyo ka asilimia 65 kwa sababu za kipekee. Chini ya hapo, kaa nyumbani.

Sasa jiulize, mwanafunzi akijifungua katikati ya semista inakuwaje?

Mwaka 2010 suala hilo lilitua mbele ya jaji wa Mahakama Kuu ya Delhi. Wanafunzi wa sheria wamezuiwa kufanya mitihani, mahudhurio yameshuka kwa sababu ya ujauzito. Jaji akawa mkali kwa chuo. Kwa maoni yake, kumzuia mwanamke kwa kosa la kubeba mimba ni kwenda kinyume na Katiba yenyewe. Watu wakashangilia, wakajua kazi imeisha.

Haikuisha. Mei 2018 binti mwingine wa sheria katika Chuo Kikuu cha Delhi akaenda mahakama hiyo hiyo. Alikuwa na asilimia 49 na ushee, mtihani ulikuwa unaanza siku inayofuata. Safari hii jaji akasema hapana. LLB ni kozi ya taaluma, ina kanuni zake, na mahakama haiwezi kuziweka kando kwa huruma. Binti akakimbilia Mahakama ya Juu asubuhi ya siku ya mtihani wenyewe. Nako akagonga mwamba.

Kaa na hiyo picha kidogo. Mama mwenye kichanga anazunguka mahakama mbili ndani ya saa chache, wenzake wanapanga foleni kuingia ukumbini. Na kisheria hakuna aliyemwonea, kanuni ilikuwa na namba tu na neno uzazi halikuwemo.

Linganisha na Marekani. Kule kanuni za kutekeleza sheria ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu, za mwaka 1975, ziliandika kabisa kwamba chuo kinachopokea pesa za serikali kuu lazima kikubali kutokuwepo kwa mwanafunzi kwa sababu ya mimba au kujifungua kwa muda ambao daktari anaona unahitajika, na akirudi anakuta nafasi yake. Wa Marekani alikuwa na mstari wa kumwonyesha jaji. Wa Delhi alikuwa na hali yake tu.

Mwaka 2023 upepo ukageuka. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya ualimu, chuo cha Meerut, alikuwa ameomba likizo ya uzazi kwa maandishi na chuo kikamkatalia. Mahakama Kuu ya Delhi ikafuta uamuzi huo, ikaagiza siku 59 za uzazi zifikiriwe upya, na hesabu ikitimia aruhusiwe kufanya mtihani. Hoja ya jaji ilikuwa rahisi kuelewa: usimlazimishe raia kuchagua kati ya elimu na kupata mtoto.

Mwaka huo huo, chuo cha Cochin kule Kerala kikafanya kitu bila hata jaji kugonga meza. Baada ya wanafunzi kudai, wasichana wakapewa nafuu ya asilimia 2 ya mahudhurio kila semista kwa ajili ya siku za hedhi. Baadaye serikali ya Kerala ikaisambaza kwa vyuo vingine vya jimbo.

BARUA ILIYOCHUKUA MIAKA TISA

Hii sehemu ni nzito. Kama hauko vizuri leo, ruka au isome baadaye.

Agosti 2016, kijana wa mwaka wa tatu wa sheria jijini Delhi alijitoa uhai baada ya kuzuiwa kufanya mitihani kwa sababu ya mahudhurio. Rafiki yake akaandika barua kwa Jaji Mkuu wa India, barua ya kawaida tu, na Mahakama ya Juu ikaigeuza kuwa kesi. Mwaka 2017 ikapelekwa Mahakama Kuu ya Delhi.

Hukumu ilitoka Novemba 2025. Ilikuwa hukumu ya kutikisa vyuo: mwanafunzi wa sheria asizuiwe kufanya mtihani kwa kosa la mahudhurio peke yake. Chuo kinaweza kumpunguzia alama, tena kwa kiwango kidogo kilichotajwa, asilimia 5 isizidi. Kabla ya hapo lazima kimjulishe mahudhurio yake kila wiki, wazazi au walezi wapate taarifa kila mwezi, na aliyepungukiwa apangiwe vipindi vya ziada. Na chuo kisijiwekee masharti makali kuliko ya Baraza la Mawakili. Majaji walisema wazi kwamba kanuni za mahudhurio hazitakiwi kumfikisha mtu kwenye mateso ya akili, sembuse kifo.

Ona swali lilivyobadilika. Makerere mwaka 2003 na Delhi mwaka 2018, mwanafunzi ndiye aliyekuwa anahojiwa: ulitimiza au hukutimiza? Mwaka 2025 chuo ndicho kikahojiwa: ulimwambia lini? Ulimpa njia gani ya kurekebisha? Kwangu mimi hapo ndipo historia nzima ilipo. Namba kwenye kanuni zilikuwa zile zile, kilichohama ni nani anatakiwa kujieleza.

UPANDE WA PILI NAO USIKIWE

Wahadhiri wana pointi, tusiwazomee. Nesi aliyekwepa mafunzo ya wodini utamkubalia akuchome sindano? Mhandisi aliyesainiwa na mshkaji semista nzima akujengee ghorofa? Kuna vitu havipatikani kwenye pdf wala kwenye group la WhatsApp.

Wajerumani waliligusa hili vizuri. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya utawala ya Baden-Württemberg ilifuta kanuni ya mahudhurio ya Chuo Kikuu cha Mannheim, iliyolalamikiwa na mwanafunzi wa sayansi ya siasa. Mahakama haikusema mahudhurio ni haramu. Ilisema kanuni ilikuwa na ukungu: mwanafunzi hawezi kujua ni kipindi gani anatakiwa na akikosa mara ngapi inakuwa kesi. Ukitaka kumnyima mtu mtihani, andika sheria inayoeleweka.

Jimbo jingine, North Rhine-Westphalia, liliwahi kupiga marufuku mahudhurio ya lazima kwa masomo mengi mwaka 2014, halafu mwaka 2019 likaondoa marufuku hiyo. Kwa hiyo hata Wazungu hawajamaliza ubishi.

SASA WEWE UNAYESOMA HUKU UNA LEKCHA

Hukumu za India haziwafungi majaji wetu, hiyo ijulikane. Lakini ukizipanga hizi kesi pamoja, kuna kitu kimoja kinajirudia. Aliyefika mahakamani siku ya mwisho na sababu ya kweli, alishindwa. Aliyekuwa ameomba mapema kwa maandishi na kukataliwa, alikuwa na uamuzi mkononi wa kumwonyesha jaji, na jaji akaufuta.

Kwa hiyo ukiugua, ukifiwa, ukijifungua, andika barua wiki hiyo hiyo. Ambatanisha cheti cha hospitali. Ipeleke kwa mkuu wa idara, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, uitunze. Kumwambia CR "niombee ruhusa kwa ticha" siyo ushahidi. Na uisome kanuni ya chuo chako, ile prospectus uliyoitupa chini ya kitanda mwaka wa kwanza, uone ruhusa inaombwa kwa nani na ndani ya siku ngapi.

Na kama jina lako liko kwenye orodha na dunia inakuzunguka, ongea na mtu leo: rafiki, mshauri wa wanafunzi, mama. Semista inarudiwa. Yule kijana wa Delhi alishinda kesi yake miaka tisa baada ya kuondoka, na hakuna jaji aliyeweza kumrudishia mtihani wake.

Haya, uwanja wenu. Ungekuwa jaji Mei ile ya 2018, mama mwenye kichanga na asilimia 49 yuko mbele yako, mtihani ni kesho. Unamruhusu au unamrudisha? Tiririka hapo chini, matusi hapana.