Pakiti ya chumvi inakaa siku ngapi nyumbani kwenu?

Huku Butembo na Beni, mutu akitoka kupimwa tansio, mara nyingi anaambiwa: "Punguza chumvi." Lakini apunguze mpaka wapi? OMS inasema mutu mukubwa asifikishe gramu 5 kwa siku. Ni kama kijiko kimoja cha chai, kimelingana juu. Watoto, chini ya hapo.

Mizani haiko jikoni, lakini pakiti yenyewe inapima. Watu wakubwa 5, kila mutu gramu 5, ni gramu 25 kwa siku. Kwa hiyo pakiti ya gramu 500 inapaswa kukaa siku 20. Kama kwenu inaisha kwa juma moja, jibu mumeshapata. Na hapo hatujahesabu mukate, makayabo, samaki ya chumvi ya Kyavinyonge, wala Maggi, ambayo karibu nusu yake ni chumvi. Hapo ndipo wengi tunajidanganya: mama anapunguza kijiko, kisha anatia Maggi mbili ndani ya sombe.

Samaki ya chumvi muiloweke usiku muzima, mumwange maji, mutie mengine, na ndani ya chungu musiongeze chumvi tena. Kwa maharagi, kitunguu, tangawizi, pilipili na ndimu zinasaidia sana. Mupunguze polepole, ulimi unazoea kisha majuma machache. Na musimupikie baba mwenye tansio chungu yake peke yake. Tansio mara nyingi haiumi, pengine mwengine hapo mezani anayo na hajue.

Lakini kuacha chumvi kabisa, hapana. Zamani wazee wetu walitafuta chumvi ya Katwe, kule Uganda. Leo tunahitaji ile yenye iyodi, kwani milima yetu iko mbali na bahari na udongo una iyodi kidogo. Ikikosekana, shingo inavimba, na mutoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Chumvi ya pakiti iliyoandikwa iyodi muiweke ndani ya chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na muitie chakula kikikaribia kuiva, sababu moto unapunguza iyodi. Ile ya kupimwa ndani ya gunia wazi, huwezi kujua kama ingali nayo.

Mwenye kumeza dawa za tansio asiziache eti kwa sababu amepunguza chumvi. Arudi kwanza kwa munganga, apimwe.