Deni la Msomi Tangu Azimio la Arusha

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, na waraka wa Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea ulipofuata mwezi Machi, msomi alihesabiwa kuwa mdeni wa wakulima waliomsomesha. Katika miaka ya 1990 sera ya uchangiaji wa gharama ililigeuza deni hilo. Chini ya sheria ya mwaka 2004, mdai ni Bodi ya Mikopo, na deni hukatwa katika mshahara. Neno ni lilelile. Maana yake ndiyo iliyohama, tena bila kelele. Mdeni wa wakulima aliweza kulipa kwa kukusanya msamiati wa Kimeru katika vijiji vya Mlima Meru. Bodi haipokei malipo ya namna hiyo. Ndiyo maana mwanafunzi wa isimu huulizwa kwanza, hata na wazazi wake, somo hilo litampatia kazi gani.